Mabaka Mawili Magotini

Ndugu zangu, muadhini asubiri kidogo. Adhana ya pili haitukimbii, na mimi nina swali. Wangapi humu ndani mmefua wenyewe kanzu mlizovaa? Sisemi kuvaa. Kuvaa mmevaa, na manukato yenu nayasikia mpaka huku mbele. Nasema kufua. Nyanyueni mikono.

Mkono mmoja. Na huyo namjua, mkewe kasafiri. Basi tulieni niwaeleze mambo msiyoyajua.

Kulikuwa na mama mmoja, ana mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, na mtoto ana kanzu moja tu nyeupe, ameshonewa sikukuu. Kila Ijumaa mama anampigia pasi, anamvisha, anamfunga vifungo, anamtia kofia, anamwambia haya, nenda msikitini. Mtoto anaondoka anang'aa. Anarudi kanzu ina mchanga na udongo mwekundu, mabaka mawili magotini, kila moja kubwa kama kisosi, na ukingo wa kofia una vumbi. Ijumaa hii, Ijumaa ijayo, na ile ya mbele yake.

Najua mnavyofikiri. Mchanga tu huo, si anatia kwenye maji unatoka? Hautoki! Mchanga unaanza kukung'utwa. Unaianika kanzu hivyo hivyo ilivyo chafu, udongo ukauke, unaigeuza ndani nje, unaikung'uta mpaka bega linauma. Ukiwa na haraka ukaitosa kwenye beseni, ule udongo unaingia kwenye uzi na unahamia huko moja kwa moja. Ukishakung'uta ndiyo unaloweka. Unapaka sabuni ya mche, unafikicha kwa vidole, taratibu, maana ukitumia brashi kitambaa kinachanika. Unakamulia ndimu, unaweka juani, unatazama, bado kuna kivuli cha doa, unaanza upya. Mwisho unasuuza kwa maji ya bluu. Hiyo ndiyo Jumamosi ya mtu, imekwenda yote kwa mabaka mawili. Na Ijumaa yanarudi pale pale.

Mama akachoka. Wewe usingechoka? Akamshika mtoto mkono.

"Huko mnacheza mchezo gani?"

"Sichezi, mama."

"Huu mchanga umeupata wapi?"

"Msikitini."

"Msikitini kuna mchanga? Si mmetandikiwa zulia jipya juzi tu, ukuta kwa ukuta? Unamsingizia nani, msikiti?"

Mtoto akachapwa, na alichapwa kwa uongo, si kwa uchafu.

Haikupita wiki, mama yuko dukani ananunua sabuni, sabuni ya kanzu hiyo hiyo, akakutana na mzee mmoja wa msikitini. Si msikiti huu, msianze kutazamana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Yule kijana wako, mbona unamwachia anakuja nyumba ya Mungu vile? Dini yetu ni usafi. Mfulie mtoto, mama."

Mfulie mtoto! Mwanamke vidole vimechubuka kwa kufua, sabuni anayo mkononi, anaambiwa mfulie mtoto. Alirudi nyumbani analia njia nzima kwa hasira na aibu. Akaapa kwamba Ijumaa inayokuja atamfuata mtoto kimyakimya. Akimkuta kwenye mchezo wake, basi, msikitini hatampeleka tena mpaka akue na ajifulie mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Mama akasimama kwenye kona ya madrasa, ufito kaushika nyuma ya mgongo.

Akamwona mtoto yuko bombani anatawadha. Anatawadha vizuri, hapunguzi kitu, kuliko baadhi yenu mnaorusha maji kama mnafukuza kuku. Kanzu ikalowa huku chini, mpaka magotini. Kisha mtoto akaenda mlangoni na wenzake, akavua ndala. Alipotia mguu ndani, mkono wa mtu mzima ukatoka safu ya mwisho ukamshika bega.

"Wewe tena? Hebu ona magoti yako. Utatuchafulia zulia. Toka, nenda kafuliwe kwanza."

Na magoti yale yalikuwa na nini? Kile kivuli cha doa, kilichobaki baada ya sabuni, ndimu na jua.

Mtoto alirudi nje kama mtu anayepajua pake. Akasogeza viatu huku na huku, akapata kinafasi kwenye mchanga, akaelekea kibla. Sauti ya imamu ikatoka kwenye spika, naye akafunga swala. Akarukuu peke yake pale katikati ya viatu vyenu. Kisha akaenda sijda, magoti mawili yaliyolowa yakazama kwenye udongo mwekundu.

Sasa niambieni nyinyi, ni mchezo gani unaochafua magoti mawili na ukingo wa kofia, na nyuma ya kanzu pakabaki safi kama pametoka kwenye pasi? Mama yule alikuwa amezifikicha sijda za mwanawe kila Jumamosi, na hakujua. Mtoto alikuwa amemwambia kweli tupu, naye kamchapa. Imamu hakumwona, maana imamu anatazama kibla. Lakini safu ya mwisho ilikuwa inamwona kila wiki.

Watu wakatoa salamu, wakatoka. Yule mzee akaja anatafuta makubadhi yake, akamwona mama amesimama karibu na mwanawe.

"Afadhali umekuja ujionee mwenyewe, binti yangu. Hebu tazama magoti yale!"

"Nimeyatazama, mzee wangu. Doa la kwanza lilitoka kwangu nyumbani, lilinishinda kulitoa, mnisamehe. Lakini haya mengine yote mmempaka nyinyi."

Akaokota ndala za mtoto, akamshika mkono, wakaondoka.

Mnataka kujua iliishaje? Iliisha vizuri sana. Ijumaa iliyofuata ile kanzu haikuchafuka. Na ile iliyofuata pia, haikuwa hata na punje ya mchanga. Ilikuwa nyeupe pe, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na mwenyewe yuko kiwanjani anapiga mpira, spika inamwita, hata hageuki. Zulia safi. Kanzu safi. Mmefurahi?

Mimi sijafurahi, na nimechoka kusema kwa upole. Nani aliyewaambia mchanga ni najisi? Maji yakikosekana tunatayamamu kwa nini, kwa manukato? Si ni kwa udongo huu huu? Udongo unaotutoharisha sisi watu wazima, ukiwa kwenye goti la mtoto tunauita uchafu. Tunamtoa nje kwa sababu ana doa, kule nje anapata doa kubwa zaidi, anarudi, tunamwonyesha lile doa tulilompa wenyewe, tunamtoa tena. Kisha tunamtafuta mama yake dukani tumpe mawaidha. Na baada ya miaka kumi tunakaa kibarazani tunaulizana vijana wamekwenda wapi. Wamekwenda tulikowatuma, ndugu zangu. Hatukuwafukuza siku moja, tuliwafukuza kidogo kidogo, kila Ijumaa, na tukaona tunalinda zulia.

Nilisema si msikiti huu. Lakini leo nilipokuwa naingia nimepita kwenye viatu vyetu pale nje, na nimeona mchanga umebonyea. Mashimo madogo, mawili mawili, yamepangana. Ile si miguu ya kuku. Hasira mnayoiona nimekuja nayo kutoka pale.

Muadhini, bado usisimame. Nyinyi mlioko safu ya mwisho, fungueni mlango huo wote. Wapo hapo nje, nawasikia wanavyonong'ona. Waiteni waingie, wakae mbele yenu, na asiwepo mtu wa kutazama goti la mtoto. Waje na mchanga wao. Swala ikiisha, kama zulia limechafuka, tutalitoa uwanjani tulikung'ute sisi wenyewe, tusiwaite akina mama. Mikono mnayo. Nimeiona ikifanya kazi pale mlangoni.