Atupele Aende Nyumba Ipi?

Sogeeni wote mnisikie, wakubwa kwa wadogo. Anayetaka kucheka leo atafute kwingine, kwa sababu haya yalitokea kwetu Lihonga msimu huu wa mafuriko, na mpaka ninapozungumza bado hayajaisha.

Kwetu kuna watu watatu ambao kila mmoja analijua jambo lake kuliko mtu mwingine yeyote bondeni.

Wa kwanza ni Kastory, fundi wa redio na simu, mzee wa miaka sitini na minne. Alizika mke na binti yake wa pekee katika mwaka mmoja, na tangu hapo hukaa na vyuma vyake tu. Kitu chochote chenye betri kikikataa kuwaka, watu humpelekea yeye.

Wa pili ni Gaudensia, bibi shamba wetu. Yeye alisomea kurusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo chama cha wakulima kilinunua kwa ajili ya kupima mashamba. Hukaa chini na rimoti yake, akitazama kwenye skrini picha inayotoka juu, na anaweza kukuambia mpunga upi una kiu na upi unaumwa.

Wa tatu ni Ditrick, mvushaji. Maji yakijaa bondeni, matete hufunga njia zote na mtu anaweza kuzunguka kutwa nzima asijue alikotoka. Ditrick, akiwa na mtumbwi na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia, hajawahi kupotea.

Sasa, alikuwepo pia kibarua mmoja wa mpunga, mwanamke aliyeitwa Sekela. Alikuja kwetu akitoka mbali, kusini, na binti yake Atupele wa miaka miwili na nusu. Baba wa mtoto hakutajwa, nasi hatukuuliza. Sekela alikuwa analinda shamba la watu dhidi ya ndege, akilala na mwanawe juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya mpunga.

Jumatatu alfajiri mto ukavunja kingo. Waliokuwa karibu na barabara walikimbia. Hadi Jumanne asubuhi kila nyumba ilikuwa imehesabu watu wake, na hapo ndipo mama mmoja akasema, "Jamani, Sekela je?"

Hakuna aliyemwona. Mbele yetu kulikuwa na maji tu, maji na matete, maili na maili. Mitumbwi ilikuwepo, lakini uende wapi? Ukielekea kusiko ndiko, siku inaisha.

Gaudensia akasema, "Nileteeni droni."

Ghala likafunguliwa. Droni ilikuwa nzima kwenye sanduku lake. Betri zake tano ndizo zilizokuwa zimekufa. Zilikaa humo miezi saba tangu mavuno, hakuna aliyezichaji. Gaudensia akazichomeka moja moja kwenye chaja, na chaja ikazikataa zote.

"Mwiteni mzee Kastory," akasema.

Kastory akaja na kipima umeme chake. Kwanza hakupima chochote. Alizitazama tu, akazigeuza, akazipapasa ubavuni. Mbili zilikuwa zimevimba kama mikate. Akazibeba taratibu, akazifukia kwenye mchanga nyuma kabisa ya ghala.

"Hizo msizifufue kamwe," akasema. "Zitawachoma."

Zikabaki tatu. Kila moja ilikuwa na seli nne ndani, naye akapima kila seli peke yake. Kwenye betri moja aliikuta seli isiyo na kitu kabisa. Akaitenga. Nyingine mbili zilikuwa zimeshuka chini mno, lakini seli zake zote zilikuwa zimeshuka sawa.

"Hizi mbili zimezimia," akasema. "Labda zitaamka. Ila, mwanangu, wenyewe waliozitengeneza wanasema betri iliyofika hapa itupwe. Mimi nisingeigusa kwa ajili ya kupima shamba."

"Na kwa ajili ya mtu?"

Kastory akakunja mikono ya shati. Alituomba betri ya trekta iwe chanzo cha umeme, maana alitaka kufanyia kazi hiyo nje. Akaomba pia sinia ya udongo na mchanga mkavu. Akaweka kila kitu uwanjani, mbali na ghala, mbali na petroli, akatufukuza sote hatua thelathini.

Akaanza na moja, akiipa umeme kidogo sana, kama mtu anavyomnywesha mgonjwa uji kwa kijiko. Kila baada ya dakika chache aliigusa kwa mgongo wa mkono kusikia joto, kisha akapima seli zote nne. Watu walimpigia kelele aongeze. Mwenyekiti wa chama mwenyewe alisema, "Fundi, kuna mtu anakufa huko!"

"Nikiongeza itawaka," akasema Kastory, "na huyo mtu atakufa vilevile."

Ya kwanza ilipanda vizuri karibu saa nzima. Kisha seli moja ikabaki nyuma, betri ikaanza kupata joto. Akachomoa nyaya. Moshi mweupe ulikuwa umeshaanza kutoka, na ya pili ilikuwa pembeni yake, hatua moja tu. Angeweza kukimbia. Badala yake aliinyakua ile inayofuka akaitupa mbali, na ikalipuka ikimtoka mkononi. Mkono wake wa kulia uliungua hadi kwenye kifundo.

Tulimmwagia maji, tukamfunga kitambaa. Akakataa kwenda zahanati. Alikaa tena mbele ya sinia, akaendelea na ile ya pili kwa mkono wa kushoto. Hiyo iliamka. Seli zote nne zilipofika pazuri, akaiunganisha kwenye chaja, na safari hii chaja ikaikubali. Saa nane mchana akamkabidhi Gaudensia.

"Usiiamini," akamwambia. "Itakuonyesha imejaa, halafu itakatika ghafla. Hesabu dakika kumi, na ya tano uwe umegeuza."

Gaudensia akairusha. Dakika ya nne ilikuwa juu ya shamba alilolinda Sekela. Hapakuwa na dungu. Palikuwa na maji yanayokwenda kasi, basi.

"Rudisha," akasema mwenyekiti.

Gaudensia hakuondoa macho kwenye skrini.

"Dada, rudisha! Hiyo ni mali ya chama!"

Hakurudisha. Aliifuata mikondo, kule maji yalikokuwa yanasukuma kila kitu. Dakika ya saba tukaona kwenye skrini dungu limeinama, limenasa kwenye matete, na kitu chekundu juu yake. Akaishusha kidogo. Alikuwa Sekela, maji yamemfika kifuani, kitenge chekundu begani, mtoto amekaa shingoni kwake. Kichwa cha mtoto kilisogea.

Watu wakapiga mayowe. Ditrick akasogea hadi pua ikakaribia kugusa skrini. "Sipatambui hapo. Ipandishe nione pande zote."

Gaudensia akaipandisha, akaizungusha polepole, huku midomo yake ikihesabu dakika. Ya nane. Ya tisa.

"Ule ni mkuyu wa Kiswago," akasema Ditrick. "Nyuma yake ni mkondo wa viboko. Nimepajua."

Hapo hapo skrini ikawa nyeusi. Droni haijaonekana mpaka leo. Wiki iliyofuata chama kilimwandikia Gaudensia barua: alipoteza kifaa kwa kukaidi amri, kwa hiyo kazi imekwisha.

Wavushaji wengine wanne waliposikia "mkondo wa viboko" waliinamisha macho. Siwalaumu, wana watoto. Ditrick naye ana watoto wanne. Alisukuma mtumbwi peke yake. Kilichotokea huko tunakijua kwa mdomo wake tu, na alikisimulia mara moja, hajarudia.

Alipita katikati ya viboko bila kuinua pondo, akijivuta kwa kushika matete, mpaka viganja vikachanika. Alifika jua likiwa limeshuka. Sekela alikuwa bado amesimama, ila midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Hakuomba chochote. Alimshusha Atupele kutoka shingoni, akamnyoosha kwake, akasema, "Mshike vizuri."

Ditrick akampokea mtoto kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamshika mama. Wakati huohuo mti wa mwisho wa dungu ukang'oka, na mtumbwi ukalala upande, ukaanza kunywa maji.

"Nilikuwa na mikono miwili," alituambia. "Mmoja ulitakiwa kushika matete, la sivyo tunazama wote."

Akamwachia Sekela.

Mwili ulipatikana siku ya nne. Tukamzika kwetu, maana hatukujua pengine pa kumpeleka. Matangazo yakasomwa redioni wiki mbili, hakuna ndugu aliyejitokeza. Ditrick hakuingia tena kwenye mtumbwi. Kuna wanaonong'ona kuwa mwanamume mwenye nguvu vile angewatoa wote wawili, naye anawasikia.

Wiki iliyopita akaja afisa ustawi, mama mmoja mpole aitwaye Leokadia. Tukakusanyika ghalani. Akasema mtoto, ambaye mpaka hapo alikuwa akilala kwa majirani kwa zamu, apate nyumba moja, asigawanywe, kwa kuwa mtoto wa kuhamishwahamishwa hukua bila kujua kwao. Wale watatu walikuwepo. Kila mmoja anamtaka Atupele.

Kastory alisema, "Bila betri ile, hakuna droni na hakuna mtumbwi. Nimetoa mkono wangu wa kazi. Nyumbani kwangu hakuna sauti ya mtu mwaka wa tatu sasa."

"Mzee wangu, una umri gani?" akauliza Bi Leokadia.

"Najua umri wangu, mama."

Gaudensia alisema, "Betri iliyoamka bila macho ni tofali. Niliamriwa nirudishe. Ningerudisha, mtoto asingeonekana."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Lakini betri si zilikufa chini yako?"

Gaudensia akamgeukia. "Ghala lilifungwa na ufunguo haukuwa wangu. Ila ningeweza kuuomba, na sikuuomba. Hilo nitalala nalo. Mtoto wa kumzaa sikuwahi kupata, na sasa hata kazi sina. Sifichi."

Ditrick hakutaka kusimama. Mkewe alimsukuma begani. Akasema, "Wao walimwona. Mimi nilimshika. Mama yake aliniambia mimi, nimshike vizuri. Hakumwambia mtu mwingine."

"Na ukimtazama huyu mtoto kila siku," akauliza Bi Leokadia, "utaweza?"

"Sijui," akasema Ditrick. "Nikimkosa pia sijui."

Mwenyekiti akasema haki ni kumpa aliyefanya zaidi. Bi Leokadia akamjibu kwamba hakuja kugawa zawadi, amekuja kutafuta nyumba. Lakini alipojaribu kupima nyumba zenyewe, moja ilikuwa na mzee aliyebaki na mkono mmoja wa kufanyia kazi, moja mwanamke asiye na kazi, moja mwanamume asiyelala usiku. Akafunga daftari lake. Atupele alikuwa chini, anakula kipande cha muhogo. Akiitwa na yeyote kati ya wale watatu huenda, lakini hakai kwa mtu. Huzunguka akitazama nyuso za wanawake, kisha anarudi mlangoni.

Bi Leokadia atarudi Alhamisi. Ameagiza kila mtu mzima wa Lihonga aseme neno lake mbele ya wenzake, nami ni mmoja wao. Nimefikiri tangu siku ile, na kila asubuhi namtaja mwingine. Ndiyo maana nimewaita. Ninyi mngempa nani mtoto huyu? Na mkishamtaja, mwambieni kila mmoja wa wale wawili wengine, mkimtazama machoni, kwa nini si yeye.