Makapi Katika Ghala la Njaa

Ndugu zangu, kisa hiki nimeletewa, nami nawapitishia. Nilipokisoma uso uliniwaka. Kisomeni mpaka mwisho.

Katika nchi ya China, enzi za wafalme, mji mmoja ulikuwa na ghala la njaa. Mavuno yakiwa mema, kila nyumba ilitoa mpunga ukawekwa humo, ili ukame ukija wote wale. Na kila mwaka mkaguzi alikuja na mwanzi mrefu, akitakiwa auchome ndani ya mpunga hadi sakafuni, aone kilichoko chini.

Ukame ukaja kweli. Watu wakapanga foleni na mabakuli yao. Mama Qiao, mjane mpika tambi, akachotewa makapi matupu. Akamtupia askari aliyemchotea lile bakuli usoni. Basi! Watu wakavunja milango, askari wengine wenye njaa wakajiunga nao. Jeshi la mfalme likazima maasi ya mji ule, lakini miji ya jirani ilikwisha kuasi.

Mfalme akamtumia amri liwali wa mji, Bwana Heng: "Mtafute aliyeanzisha mapinduzi haya. Akatwe kichwa mbele ya watu."

Mama Qiao akaletwa uwanjani, amefungwa kamba.

"Huyu ndiye jemadari wa waasi?" askari mmoja akacheka. "Jeshi lake mabakuli!"

"Cheka tu, mwanangu," Mama Qiao akamjibu. "Mama yako naye alikuwa kwenye foleni."



Liwali akauliza, "Mama, kwa nini umeiwasha nchi nzima?"

"Mimi nilitupa bakuli tu, bwana liwali. Makapi sikuyaweka mimi. Walinzi wameuza mpunga wetu tangu baba yangu alipokuwa hai, juu wakitandaza kidogo wa kudanganyia macho. Na mkaguzi alikuja kila mwaka. Muulize yeye, mwanzi wake ulikuwa unafika wapi?"

 Kabla ya kupewa uliwali, mkaguzi alikuwa Bwana Heng mwenyewe. Walinzi walimkaribisha chai na bata wa kuchoma, naye akaona haya kuwachunguza watu waliomkirimu. Alichoma mwanzi juujuu, kina cha kiganja, akasema, "Ghala limejaa."

Akavua kofia yake ya cheo mbele ya watu wote.

"Mfungueni mama huyu. Mkaguzi nilikuwa mimi. Mwambieni mfalme aliyeanzisha amepatikana."

Alidhani watu watamsifu kwa kusema kweli. Hakuna aliyempigia makofi. Mama Qiao alisugua mikono yake iliyochubuliwa na kamba, akamwambia taratibu, "Ungesema mwaka jana, bwana, wanangu wangekuwa hai."

Liwali akainamisha kichwa, hakukiinua tena mpaka askari wa mfalme walipokuja kumchukua. Na mwaka haukwisha, ufalme wenyewe ukaanguka.

Funzo: Anayepiga kelele siku ya mwisho sote tunamwona, walionyamaza miaka yote hatuwaoni, maana mara nyingi ni sisi wenyewe. Aibu yetu na ituume mapema, ingali inaweza kumwokoa mtu. Mungu atusamehe.