Kuzinduliwa si Kupona

Kuzinduliwa si kupona. Mmemsikia fundi akimwambia hivyo yule mwenye gari lililowaka kwa kusukumwa, mkacheka, kisha mkauliza neno hilo lilitoka wapi. Basi sogeeni, maana wengi hulisema bila kujua lilimgharimu nani. Lilizaliwa hivi.

Katika chuo kimoja cha wauguzi huko Bukoba palikuwa na kijana wa kompyuta aitwaye Rwechungura. Kazi yake ilikuwa kuitunza tovuti ya chuo, ile ambayo vijana waliochaguliwa huingia kwa simu zao wakathibitisha nafasi. Programu iliyoiendesha tovuti hiyo kwenye seva aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na alijivunia kazi ya mikono yake. Asubuhi programu ilikuwa nyepesi. Jioni ikaanza kuburuta miguu. Ukiiacha hivyo bila kuigusa, kesho yake inazimia kabisa.

Java, kama waielezavyo wenyewe, ina mfagizi wake ndani. Kila mgeni anayeingia kwenye tovuti hutengewa mahali na vyombo vyake, na akishaondoka mfagizi hupita akaviondoa. Ila mfagizi huyo ni mtiifu kupita kiasi: chombo ambacho bado kimeshikwa, hakigusi. Sasa mahali fulani katika programu ya Rwechungura palikuwa na mkono ulioshika vyombo vya kila mgeni bila kuviachia, hata mgeni awe ameondoka tangu juzi. Nyumba, yaani kumbukumbu ya programu, ikawa inajaa. Nayo ikijaa, mfagizi hufagia mfululizo akitafuta upenyo, na anapofagia, wote waliomo husimama wamngoje. Hapo ndipo ukurasa unapoganda.

Rwechungura alilijua hilo. Angekuwa hajui, nani angemlaumu? Lakini kuutafuta ule mkono kulichosha, na kuzima na kuwasha ni kubonyeza tu. Akajiwekea desturi: kila asubuhi kabla ya chai, anaizima programu, anaiwasha, nyumba inakuwa tupu.

"Umeshamnywesha mtoto uji?" mwenzake Ishengoma alikuwa akimtania.

"Ameshiba, anacheza."

"Na siku ukisafiri?"

"Utamnywesha wewe, si mjomba wake?"

Wanacheka, siku inapita.

Mwaka huo Kokugonza alichaguliwa kuingia chuoni hapo. Alikuwa binti wa kaka yake Rwechungura, na tangu kaka huyo afariki, baba mdogo ndiye aliyekuwa baba. Sharti lilikuwa moja: uthibitishe kabla ya saa kumi jioni ya siku ya mwisho, la sivyo nafasi yako anapewa anayengoja. Wengi waliiacha hadi siku hiyo, wengine kwa uzembe. Koku yeye, cheti cha hospitali kilichotakiwa kilitoka asubuhi hiyo hiyo.

Rwechungura aliizima programu akaiwasha kama kawaida, akanywa chai yake kwa amani. Lakini umati wa siku ile uliijaza nyumba kabla ya adhuhuri. Ukurasa ukaganda. Akabonyeza tena, na waliokuwa ndani wakatupwa nje wote.

Simu ikaita. "Shikamoo baba mdogo. Hii kitu imenirudisha mwanzo."

"Marahaba. Niliizima kidogo. Ingia sasa, ni nyepesi."

"Nilishapandisha vyeti vyote. Ilibaki kukubali tu."

"Pandisha tena, mwanangu. Usiwe na haraka."

Nyepesi haikuwa. Java ikitoka kuwashwa huwa bado imekakamaa, hupata wepesi kwa kufanya kazi, na hiyo iliamka ikakuta umati mzima mlangoni. Haikuchukua muda ikajaa tena.

Ishengoma akavuta kiti karibu. "Kaka, usiizime. Walio ndani waache wajikokote. Nenda kwa mkuu wa chuo asogeze muda hadi kesho."

"Nikamwambie nini? Kwamba ugonjwa huu naujua tangu mwaka jana?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

Rwechungura alitazama mlango wa ofisi ya mkuu, ulikuwa wazi, pale pale ng'ambo ya ukumbi. Kisha akabonyeza.

Simu ikaita. Safari hii hakukuwa na shikamoo.

"Baba mdogo, umeizima tena?"

Rwechungura akaigeukia kompyuta, programu ilikuwa bado inaamka.

"Nilikuwa nimeshabonyeza kukubali. Ilikuwa inazunguka."

Saa kumi iligonga watu wengi wakiwa nje ya mlango ule, na Koku mmoja wao.

Kesho yake ndipo alipokwenda kwa mkuu, akaeleza yote. Mkuu, mama yule, alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungekuja jana mchana, ningesogeza muda. Leo waliokuwa wakingoja wameshaitwa. Nimnyang'anye binti wa nani, Rwechungura, nimpe wa kwako?"

Jioni alimkuta Koku jikoni, anamenya ndizi. Alikaa kwenye kigoda, akatafuta pa kuanzia, akaanzia pabaya.

"Mwanangu, kila asubuhi nilikuwa naiwasha, na ilikuwa inaamka vizuri."

Koku hakuinua macho. "Baba naye alikuwa akianguka tunammwagia maji. Anaamka, anaomba chai. Tunasema kapona, tunarudi shambani." Akatia ndizi kwenye sufuria. "Kuzinduliwa si kupona, baba mdogo."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Asubuhi iliyofuata Rwechungura alirudi kazini akautafuta ule mkono. Aliupata kabla jua halijazama. Ilikuwa mistari michache tu, mahali alipokuwa akipapita kila siku. Tangu hapo programu ilikaa wiki kwa wiki bila kuguswa, na mwaka uliofuata vijana wote walithibitisha, hakuna aliyeganda. Koku hakuomba tena. Alikuwa ameshakwenda Muleba kujifunza kushona kwa shangazi yake, na anayemwuliza habari za uuguzi humjibu kwamba cherehani nayo ni kazi.

Wakuu walimwita Rwechungura mbele ya watu, wakamsifu kwamba mtambo umetulia. Alisimama, mikono nyuma, akasema neno moja tu: kuzinduliwa si kupona. Wakampigia makofi, na hakuna aliyemwuliza alilipata wapi.