Somoe na Mwiko wa Mayai

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kwa mdomo uliojaa? Hebu meza hicho kiazi kwanza, tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla sisi wenyewe hatujajua kupika, palikuwa na ukoo wa nguchiro. Waliishi ndani ya kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa. Ndani vyumba, ndani vijia, lakini mlango mmoja tu. Asubuhi wanatoka, jioni wanarudi. Wakichimbua, wakinusa, wakila. Panzi wamo, mende wamo, mabuu yamo. Na mayai yamo.

Mnajua nguchiro anavyovunja yai? Nyundo hana. Hutafuta jiwe, akaligeuzia jiwe mgongo, akalishika yai kwa mikono miwili, kisha akalirusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Paa! Halafu hugeuka upesi, akalamba kabla ardhi haijanywa. Wewe unayecheka hapo, usije ukajaribu na mayai ya mama yako.

Sasa, katika ukoo ule alikuwamo mama mmoja, jina lake Somoe. Kwa kurusha yai hakuwa na mpinzani. Na mkuu wa ukoo alikuwa Mzee Makame. Tumbo la Mzee Makame lilikuwa limemtangulia, hata akiinama haioni miguu yake, basi kurusha yai angewezaje? Ndipo Somoe akapewa kazi ya kumvunjia. Asubuhi mayai matatu, jioni mayai matatu. Akigeuka anaimba:

Yai la mzee, pasuka,
yai la mzee, mwagika,
langu mimi harufu.

Paa! Mzee analamba. Paa! Mzee analamba. Somoe anafuta mikono mchangani.

Mbona asilambe hata vidole? Mwiko. Katika ukoo ule, yai lilikuwa la wazee wa kiume. Mtoto akila yai atakuwa mwizi. Mama mwenye mimba akila yai atazaa mtoto kipara. Ndivyo walivyoambiwa, na waliowaambia nao waliambiwa. Buu nono pia la mzee, panzi mnene wa mzee. Wazee wakishashiba, akina mama wanapewa maganda ya mende, na watoto wanapewa mizizi. Na Bi Rehani, mkunga wa ukoo, bibi asiye na jino hata moja, naye anapewa ganda lake gumu kama wengine. Analizungusha mdomoni kutwa, jioni analitema.

Mimba ya kwanza Somoe alizaa watoto wanne. Watatu hawakumaliza mwezi. Akabaki mmoja, Kidawa, naye alikuwa mwembamba, hatua kumi anakaa chini kupumzika. Wenzake wanacheza, yeye anawatazama. Somoe alipolia, shoga zake walimwambia ndivyo ilivyoandikwa. Bi Rehani akasema ni upepo mbaya.

Na sasa Somoe alikuwa na mimba ya pili. Akisimama, macho yanafanya kiza. Akitembea, magoti yanacheza. Aliogopa sana. Alijua kabisa kwamba hata hawa waliomo tumboni hawatakaa.

Siku moja akarusha yai, yai likagonga ukingo wa jiwe. Pwaa! Kiini chote kikamrukia usoni. Mzee Makame alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, anangoja. Somoe akainua mkono ajifute. Lakini ulimi haukuomba ruhusa. Ulitoka wenyewe, ukazunguka, ukarudi ndani.

Jamani, utamu ule! Somoe akasimama, anangoja radi impige. Radi haikuja. Kilichokuja ni sauti ya Mzee kuuliza yai lake limekawia wapi.

Kesho yake Somoe akatafuta mayai saba badala ya sita. Sita ya Mzee, la saba nyuma ya kichaka. Nusu akala yeye, nusu akampa Kidawa, akamwambia afute mdomo. Kesho kutwa akaongeza buu nono. Siku ya tatu akaokota na matunda ya furu yaliyoiva, meusi, matamu. Mtoto akawa mwizi? Hapana, mwizi pale alikuwa mmoja tu, naye ni mama mtu mzima.

Siku zikaenda. Macho ya Somoe yakaacha kufanya kiza. Magoti yakakaza. Watoto tumboni wakaanza kumpiga mateke, tena mateke ya haja. Kidawa akatembea hatua ishirini, akatembea arobaini, mpaka siku moja akamkimbiza panzi na kumkosa, na Somoe akacheka peke yake kichakani hadi akajiziba mdomo. Lakini roho haikutulia. Je, wakitoka vipara? Ukoo mzima utajua. Atafukuzwa yeye na wanawe, na nguchiro asiye na ukoo ni kitoweo cha tai. Basi mkono huu furaha, mkono huu hofu.

Mpo?

Tupo.

Basi asubuhi moja wakaja siafu. Siafu hawabishi hodi. Waliingia kwa nyufa za chini, weusi, wengi, chacha, chacha, chacha. Ukoo mzima mbio mlangoni. Wa kwanza Mzee Makame, maana kwao mkubwa hutangulia. Kichwa kikatoka. Mabega yakatoka. Tumbo, ng'o. Mzee amekwama mlangoni kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu.

Mbele Mzee, katikati ukoo, nyuma siafu. Wakamsukuma. Moja, mbili, tatu, haendi. Akina mama, walaji wa maganda ya mende, wakasukuma, wakaanguka wanahema. Watoto, walaji wa mizizi, wakasukuma, wakaishiwa nguvu. Mzee naye akajaribu kujisukuma, lakini miguu yake ilikuwa imevimba, viungo vinamuuma hata akiguswa na unyasi. Siafu wa kwanza akafika, akaanza na mkia wa Bi Rehani.

Somoe akamtazama Kidawa. Akashika tumbo lake. Kisha akaugeukia ukuta wa pembeni, ule uliokaushwa na jua kwa nje, akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Na mimba yake ile. Kidawa akaja ubavuni kwake, naye akachimba. Kwaru, kwaru. Nuru ikaingia kwa tundu la sindano, tundu likawa ngumi, ngumi ikawa mlango. Wakatoka watoto, akatoka Bi Rehani, wakatoka wote. Kisha Somoe akazunguka kwa nje, akamshika Mzee Makame mikono, akavuta. Po! Mzee akachomoka, na siafu wamemjaa mahali ambapo mbele yenu nyie watoto sipataji.

Alipong'olewa siafu wa mwisho, Mzee hakusema ahsante. Aliuliza imekuwaje watu wazima washindwe, halafu mwenye mimba na mtoto asiyeweza hatua kumi watoboe ukuta. Somoe angeweza kudanganya. Alimtazama Kidawa anayetweta pale chini, mzima, mdomo umejaa udongo, akaona uongo hauna kazi tena.

"Tumekula mayai, Mzee," akasema. "Mimi na mwanangu, tangu mwezi ulipoandama mpaka leo."

Weee, hapo ndipo pakawaka. Akina mama waliwaziba watoto masikio. Wazee walisema afukuzwe palepale, asipewe hata siku. Bi Rehani, huku anajikuna mkia, akasema wasiwe na haraka, mwiko hujihukumu wenyewe. Akizaa vipara, aende yeye na vipara wake. Na akizaa wenye manyoya, basi... Bi Rehani hakumalizia, maana jambo hilo hakuwahi kuliwaza maishani mwake.

Wakahamia kichuguu kingine. Siku tisa Somoe alikaa peke yake, hasemeshwi wala hasogelewi, ila na Kidawa. Siku ya kumi akashikwa na uchungu. Bi Rehani akaingia ndani. Ukoo mzima ukajaa mlangoni.

Wakasikia kilio. Wakasikia cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Vilio vya nguvu, vya kuudhi. Mzee Makame akauliza kwa sauti kubwa, vipi vichwa? Somoe alikuwa amefumba macho, hathubutu kutazama. Bi Rehani akapitisha kiganja kwenye kichwa cha kwanza. Akarudia. Akaenda cha pili, cha tatu, mpaka cha tano, kisha akaanza tena cha kwanza, hajiamini.

"Manyoya," akasema Bi Rehani. "Manyoya tele, mpaka masikioni."

Somoe akafumbua macho. Akawahesabu, watano. Akalia, akacheka, akalia tena. Nje, mtoto mmoja akasema mbona kipara anayemjua yeye ni Mzee Makame tu. Mama yake alimfinya, lakini maneno yalikuwa yameshafika. Akina mama wakainamisha vichwa, mabega yanawatikisika kwa kicheko.

Mzee Makame akajipapasa utosini. Hakukasirika. Aliingia ndani polepole, akaketi mbele ya watoto, akawatazama mmoja mmoja wanavyovutana kunyonya. Somoe akawakumbatia, akidhani ndiyo hukumu imefika. Mzee alingoja kicheko cha nje kiishe.

"Marehemu mke wangu alizaa mara sita," akasema. "Kila mara mimi nipo nje nalamba mayai, yeye yumo ndani anatafuna maganda. Hakubaki mtoto hata mmoja. Nilidhani nakula mayai, Somoe. Kumbe nilikuwa nakula wanangu."



Tangu siku hiyo, wakigawa chakula, Mzee Makame anakaa mwisho. Wa kwanza ni mwenye mimba na anayenyonyesha, wale yai, buu na furu, wachague wenyewe. Kitoto kichanga ni maziwa ya mama tu, mpaka kiwe tayari kuonja vingine. Watoto wanaokua wanapata kila aina, na mizizi imo, lakini si mizizi peke yake. Bi Rehani akapewa kumbikumbi laini na kiini cha yai, akanenepa mashavu, akawa msemaji kupita kiasi. Na Mzee mwenyewe akala kidogo, akatembea sana, hata ukaja msimu akainama akaiona miguu yake. Alipiga kelele, wenzake wakadhani ni nyoka.

Basi ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, maana yake ni hii. Chakula si cheo, chakula ni uhai. Kila umri una haja yake, na mlo wa mmoja si mlo wa wote. Na anayemnyima mama mwenye mimba amenyima wawili kwa mkono mmoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, sina hata punje ya kuongeza. Sasa twendeni jikoni, nikaone kwa macho yangu ni nani katika nyumba hii anayepakuliwa kwanza.