Koleo la Posta

Hapo zamani, na si zamani ile ya sungura kumtania fisi, bali zamani hii ya juzijuzi ambayo bibi zetu waliiona kwa macho yao, palikuwa na mji mdogo wa mlimani, mji wa kahawa na ukungu. Mji ule ulikuwa na posta moja, na posta ile ilikuwa na Mzungu mmoja, na Mzungu yule alikuwa na koleo moja. Sogeeni. Hadithi hii ni ya koleo hilo, na mwisho wake nitawauliza swali. Asiyetaka kuulizwa aondoke sasa hivi.

Jina lake la kwao hakuna aliyelikumbuka. Watu walimwita Bwana Koleo. Barua ya Mzungu mwenzake aliitoa mkono kwa mkono, pamoja na salamu na kicheko juu yake. Barua ya mtu mweusi aliibana kwa koleo la makaa, akainyoosha juu ya kaunta, nawe unaidaka kama kuku anayetupiwa punje. Ukimuuliza sababu, anakujibu bila haya: "Ngozi yenu ina uchafu usiotoka kwa sabuni. Mkono mweusi haugusi mkono mweupe."

Haya. Na shati alilovaa lilifuliwa na nani? Mkate alioula asubuhi ulikandwa kwa koleo? Kahawa aliyoinywa ilichumwa, ikakobolewa, ikakaangwa, ikapikwa, na mikono ya rangi gani? Lakini ubaguzi ndivyo ulivyo, hauna hata adabu ya kuwa na akili.

Katika mji ule alikaa mjane mmoja, mfinyanzi, Mama Mbelwa. Mbelwa alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa amechukuliwa uaskari, na mwaka mzima ulikuwa umekatika bila neno lake. Mama Mbelwa alifinyanga vyungu, akavichoma, akaviuza, na kila alipoulizwa habari za mtoto alijibu "mzima" bila kujua kama anasema kweli.

Ijumaa moja, siku ambayo lori la posta hupanda mlima, akajiwa mbio na Mwalimu Hizza, yule aliyemfundisha Mbelwa kusoma na kuandika.

"Mama Mbelwa, barua yako ipo rafuni! Nimeuona mwandiko wa mwanao. Zile herufi zake zinazolala kama zimelewa, nilizigombeza miaka minne, nitazisahau?"

Mama Mbelwa akanawa udongo, akajifunga khanga safi, akaenda, Mwalimu nyuma yake. Zamu yake ikafika. Bwana Koleo akaibana barua, akainyoosha. Mama Mbelwa akaitazama barua, akalitazama koleo. Alikuwa ameingia pale na furaha ya mwaka mzima, na sasa furaha ile ilikuwa imetiwa mchanga. Mwanangu ameiandika hii kwa mkono wake, aliwaza, kisha mimi niipokee kama kaa la moto? Akanyoosha kiganja, akakiacha wazi.

"Mkono kwa mkono, Bwana."

"Chukua, bibi, usinipotezee wakati."

"Mkono kwa mkono."

Bwana Koleo akaliachia koleo. Barua ikagusa kiganja, kiganja hakikufumba, barua ikaanguka sakafuni. Mama Mbelwa hakuinama. Mwalimu Hizza alipotaka kuiokota, akamzuia kwa macho.

"Ukiiokota wewe, Mwalimu, nimeiokota mimi."

Sheria ya posta haikuruhusu barua kulala sakafuni. Bwana Koleo akazunguka kaunta huku akitukana kwa lugha yao, akaiokota kwa koleo, akairudisha rafuni.

Ijumaa ya pili Mama Mbelwa akaja, akanyoosha kiganja, barua ikaanguka. Ijumaa ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alifika ameloa chapachapa, akasimama hadi mchana. Treni ikapiga honi huko chini, kwenye stesheni ya bondeni. Watu wakageuka kusikiliza. Yeye hakugeuza hata shingo. Akanyoosha kiganja, barua ikaanguka. Ijumaa ya nne, hivyohivyo.

Majirani nao, Mungu awasamehe, hawakukaa kimya. "Mama Mbelwa, chukua barua ya mtoto, heshima hailiwi." "Mama Mbelwa, hao ndivyo walivyo, utawaweza?" "Mama Mbelwa, unajiumiza bure."

Mama Mbelwa alikuwa amemchoka Bwana Koleo, lakini majirani aliwachoka zaidi.

"Hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia yeye aweke koleo chini," aliwajibu. "Mnanijia mimi. Anayekosa ni yeye, anayeonywa ni mimi! Hivi nyinyi mna macho ya namna gani?"

Wakaondoka wakisema mama huyu ana kiburi.

Mwalimu Hizza yeye aliamini karatasi. Aliketi akaandika malalamiko kwa wakubwa wa posta huko pwani, kwa adabu zote, "Mimi mtumishi wako mtiifu" mwanzo na mwisho. Sasa atayatumia wapi? Posta si hiyohiyo ya Bwana Koleo? Ikabidi atembee kutwa nzima kuvuka mlima hadi posta ya mji wa pili. Jibu la kwanza likasema, malalamiko yako yamepokelewa. Jibu la pili likasema, yanashughulikiwa. Jibu la tatu likasema, tafadhali rejea jibu letu la kwanza. Watu wakamcheka: "Mwalimu, mbio za sakafuni huishia ukingoni!" Akaandika ya nne. Akaandika ya tano. Viatu vikatoboka, akatembea pekupeku, akaandika hadi ya saba.

Na alikuwepo mpishi mmoja, Kaoneka, aliyempikia huyohuyo Bwana Koleo. Ijumaa ya tano alitumwa kumpelekea bwana wake chakula posta, akaiona barua ikianguka mbele ya Mama Mbelwa. Alijisikia vibaya sana. Mikono hii ndiyo inayomlisha, alisema moyoni, naye anautemea mkono wa mama yule.

Asubuhi iliyofuata Kaoneka alimletea bwana wake yai kwa koleo. Yai likapasuka. Akamletea shati kwa koleo, likaingia masizi. Unga akaukanda kwa makoleo mawili, mkate ukatoka mgumu, ukidondoka unavunja sahani.

"Una wazimu?" Bwana Koleo alinguruma.

"Sina, Bwana. Si umesema mkono mweusi haugusi mkono mweupe? Nikaona, je, tumbo jeupe?"

Bwana Koleo akausukuma mkate kando. Angesemaje? Angesema mikono ya Kaoneka ni safi, koleo la posta lingekuwa la kazi gani? Kumfukuza hakuthubutu, kwa maana mji mzima haukuwa na mpishi mwingine wa mapishi ya Kizungu, na mkaguzi wa posta alikuwa ameshaarifu kwamba anakuja. Basi akautafuna mkate wake.

Ijumaa ya tisa mkaguzi akafika kutoka pwani, na ile barua ya saba ya Mwalimu Hizza ilikuwa mkobani mwake. Msifurahi mapema. Nia yake ilikuwa ale, atie sahihi, ateremke kuiwahi treni ya jioni. Akaketi mezani kwa Bwana Koleo, amevaa suruali nyeupe pe. Kaoneka akaja na kikombe cha chai, amekibana kwa koleo. Kikombe kikateleza. Waliomjua Kaoneka wanasema mkono ule haukuwahi kuteleza tangu azaliwe, lakini siku ile uliteleza, na chai yote ikaishia pajani mwa mkaguzi.

"Nini hiki?" mkaguzi aliruka.

"Ndiyo sheria ya bwana wa nyumba hii, Bwana Mkubwa. Hata huko posta ndiyo hiyohiyo. Nenda ukaone."

Mkaguzi akaenda, suruali imegandia mwilini, Bwana Koleo nyuma yake. Wakamkuta Mama Mbelwa mbele ya kaunta, amesimama tangu asubuhi, kiganja wazi. Na msije mkadhani mkaguzi yule aliguswa na haki. Aliguswa na chai.

"Huyu anataka nini?"

"Barua yake," alijibu Bwana Koleo.

"Basi mpe!"

Bwana Koleo akapeleka mkono kwenye koleo.

"Kwa mkono! Kwa mkono, bwana! Na upuuzi huu ukome leo. Nimechoka kuletewa barua za mwalimu yule."

Bwana Koleo akaichukua barua kwa vidole vyake mwenyewe, akaiweka juu ya kiganja cha Mama Mbelwa. Vidole vikagusana. Mbingu haikuanguka, na hakuna aliyeambukizwa kitu. Kiganja kikafumba.

Mkaguzi akaondoka. Vigelegele vikapigwa hadi sokoni. Watu wakalibeba koleo, wakaliweka katikati ya uwanja wa soko, wakasema, "Litundikwe mlangoni pa aliyelishinda, ili vitukuu wakiuliza waelezwe." Sawa, lakini nani aliyelishinda?

Mwalimu Hizza akasimama. "Jamani, mkaguzi hakuota. Aliitwa, na aliyemwita ni mimi. Saba nimeandika, mara saba nimevuka mlima, nyinyi mkinicheka. Bila karatasi yangu, Kaoneka angemmwagia chai nani? Koleo ni langu."

Kaoneka akasimama. "Mwalimu, karatasi yako ilikuwa mkobani. Alikuja nayo, na angerudi nayo. Aliyemtoa kitini ni mimi. Na leo hii nimefukuzwa kazi, nina watoto watano, wewe kesho utaingia darasani kama kawaida. Koleo ni langu."

Watu wakamgeukia Mama Mbelwa. Alikuwa ameishika barua kwa mikono miwili, hajaifungua, maana kusoma hakujua.

"Koleo litasubiri," alisema. "Mwalimu, nisomee kwanza mwanangu anasemaje."

Mwalimu Hizza akaifungua, akasoma kwa sauti ya kishujaa, ile ya darasani. "Mama yangu mpendwa, mimi mzima. Tunahamishwa. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu treni yetu itasimama stesheni ya bondeni, saa nane mchana, nusu saa tu. Hatutaruhusiwa kupanda mlima. Shuka wewe, Mama, nikuone. Baada ya hapo tunavushwa ng'ambo, na kurudi sijui lini. Nitakaa dirishani, upande wa mlima..."

Sauti ya Mwalimu ikafifia. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Ilikuwa ile Ijumaa ya tatu ya kusimama posta.

Mama Mbelwa hakuhitaji kuhesabiwa. Aliikumbuka mvua, aliikumbuka honi. Akaketi chini palepale sokoni, akalia kwa uchungu kama alivyolia siku aliyomzika mumewe, na hakuna aliyejua amshike wapi.

Jirani mmoja akashindwa kujizuia. "Si tulikwambia, Mama Mbelwa? Ungeichukua tu siku ile ya kwanza!"

Mama Mbelwa akainua uso. Machozi yalikuwa yanatiririka, lakini sauti ilikuwa imekauka.

"Mlinambia. Tena mlinambia sana. Na aliyeishika kwa koleo mlimwambia nini?" Mama Mbelwa akawageukia watu wote. "Mwalimu alimwita mkaguzi, kweli. Kaoneka alimtoa kitini, kweli. Na alipofika posta, nisingekuwepo mimi, angemkuta nani? Nyinyi nyote mlikuwa mmeshapokea barua zenu kwa koleo, mkaenda zenu majumbani. Angekuta kaunta tupu, angesema hakuna tatizo. Ningefumba mkono siku ya kwanza, ningemwona mwanangu, na koleo lingekuwa pale hadi leo. Kama yangerudi yaleyale ningefanya vilevile? Sijui. Hilo msiniulize leo."

Mwalimu Hizza akaikunja barua polepole, akamrudishia. Kaoneka akamnyanyua. Watu wakagawanyika mafungu matatu, wakabishana hadi soko likafungwa, na koleo likabaki chini katikati ya uwanja.

Nami nimelikuta hapohapo chini, nimelileta kwenu. Yupo aliyeandika mara saba akachekwa. Yupo aliyemwaga chai akapoteza kazi. Yupo aliyesimama Ijumaa tisa akampoteza mwanawe kwa nusu saa. Je, litundikwe mlangoni pa nani?

Na wewe uliyenong'ona huko nyuma kwamba mama yule angeipokea tu kwa koleo yakaisha, nimekusikia. Watu wote waliomo katika hadithi hii, Bwana Koleo akiwemo, mbona wa kwanza uliyemwona ana kosa ni mama yule?