Wajane Wawili na Bomba la Mafuta

Mtu mmoja alikuwa na wake wawili, na kutoka mlango wa huyu mpaka mlango wa yule ilikuwa safari ya kukata nchi nzima. Jina lake Hatibu, dereva wa lori. Akitoka pwani anapakia nazi na chumvi, akirudi kutoka ziwani anapakia dagaa. Mke mkubwa, Mashavu, alikaa pwani, kwenye shamba la minazi lenye kisima cha maji baridi ambacho mtaa mzima ulichota. Mke mdogo, Kokushubila, alikaa ziwani, ndani ya migomba. Hawakuwahi kuonana. Lakini Mashavu alimuwaza mwenzake kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Hatibu aliapa kwamba yeye ni mtu wa haki. Akinunua doti ya kanga kwa huyu, na kwa yule ananunua ileile. Mashavu hakusadiki. Aliwauliza madereva wengine, nao kwa kupenda kucheka wakamwambia eti ile ya kule inang'aa zaidi. Basi akajiwekea sharti lake: hapokei kitu mpaka ajue mwenzake kapewa nini. Mume akileta kitoweo, anaulizwa na kule kapeleka kipi. Akimwambia pole kwa homa, anaulizwa yule naye alipougua aliambiwa pole mara ngapi.

Kisha Hatibu akafa. Akafia ziwani, akazikwa ziwani, na habari zilipofika pwani udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Mashavu akakaa eda ya mume ambaye hata kaburi lake hakuliona. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko yote. Yule mwanamke hata maiti kaichukua yeye.

Ikapita miaka kadhaa, yakaonekana mafuta kule ziwani, chini ya migomba ya Kokushubila na majirani zake. Yalitakiwa yasafirishwe kwa bomba mpaka baharini, na bahari waliyoitaka ni ile iliyo mbele ya minazi ya Mashavu. Bomba lingepita ubavuni mwa kisima. Akaja bwana mmoja aliyetumwa na wenye bomba, mtu wa adabu nyingi, kavua viatu mlangoni. Alikuwa ameshaulizauliza mtaani, akajua mama huyu anaumwa wapi.

"Mama yangu," alisema, "mwenzio wa ziwani ameshaweka dole kukubali bomba. Nyumba yake sasa ina bati za kijani. Na jiko la gesi tumempa, la pleti tatu."

"Tatu?"

"Tatu, mama."

"Na mimi niliye mkubwa?"

"Sema mwenyewe unataka ngapi."

"Nne," alisema Mashavu.

Bwana akaahidi nne. Akafungua wino, akatandaza karatasi juu ya mkeka. Mashavu akachovya dole. Lilikuwa linashuka kwenye karatasi pale sharti lake la zamani lilipomshika mkono.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nikalione hilo jiko lake."

"Ni mbali sana, mama."

"Hatibu alikuwa anafika. Nishindwe mimi?"

Akafuta dole kwenye kanga. Majirani walimwona anaelekea stendi na mkoba wake, wakamuuliza, "Bi Mashavu, unakwenda kuhani msiba leo, baada ya miaka yote hiyo?" Akawajibu anakwenda kutazama jiko.

Njia nzima aliliona lile paa. Kila basi lilipopita nyumba ya bati za kijani, alisema ni lile pale. Milima ikapita, vumbi likapita, watu wakashuka wakapanda wengine wenye lugha nyingine, na yeye anajipangia maneno ya kumwambia mwanamke yule akimkuta ameegemea jiko lake.

Alipofika alionyeshwa nyumba ya bati zilizooza, upande mmoja zimekandamizwa kwa mawe upepo usizibebe. Njiani alikuwa ameona mashamba ambayo migomba yake imepakwa rangi nyekundu shinani. Ya waliokwisha weka dole, aliambiwa. Wamekatazwa kupanda kitu kipya, na cha kuwalipa hakijafika, na majani yamewafika kiunoni. Kwenye shamba la Kokushubila migomba ilikuwa haina rangi. Akatoka jikoni mwanamke mwembamba, anafuta machozi ya moshi, na kiunoni amejifunga kanga ileile aliyojifunga Mashavu. Rangi ileile, hata kufifia zimefifia sawa. Mashavu akaona, na badala ya kufurahi akaudhika, maana sasa alikosa la kumlaumu marehemu.

"Wewe ni Mashavu," alisema yule mwanamke. "Karibu, dada mkubwa. Umekuja kunisalimia au kunikagua?"

"Nimekuja kuona jiko."

"Si hilo hapo?" Akamwonyesha mafiga.

"La gesi, Kokushubila! Usinifiche mimi."

"La gesi si unalo wewe? Bwana wa bomba alipita jana, kaja kwa ndege. Kasema wa pwani ameshaweka dole, na anapikia la pleti nne."

Wakatazamana. Kokushubila akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Mashavu hakucheka. Aliona haya, kisha ile haya ikageuka wivu palepale, kwamba hata kucheka huyu kaniwahi.

Akamuuliza, "Kwa hiyo dole hujaweka?"

"Sijaweka."

Walipokuwa wanakula ndizi, wanawake wa kijiji wakawa wanapita. Kila aliyepita alipiga magoti kumwamkia Kokushubila, hata waliomzidi umri, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza aliyesema hapana mbele ya watu, wengine wakapata ubavu wa kusema. Mashavu akaacha kula. Bati za kijani angezivumilia. Jiko angelivumilia. Lakini mwanamke huyu hana bati, hana jiko, na anapigiwa magoti.

Akaomba aonyeshwe kaburi. Wakaenda nyuma ya nyumba. Mashavu akawahi kukaa upande wa kichwani, mdogo wake asije akapawahi. Ndipo akakiona kigingi chenye kitambaa chekundu, kimepigwa miguuni pa marehemu. Hapo ndipo bomba lingepita. Akakitazama kwa muda, kama mtu anayetazama viatu vya mwanamke asiyemjua mlangoni kwake.

"Tulikuwa wawili," alisema, "tukamgombania mpaka kaingia humu. Wa tatu simtaki."

"Basi rudi ukamkatae na kwako," alisema Kokushubila. "Huku anaingilia, kwako anatokea. Nikimfungia mlango mimi peke yangu, atazunguka."

Mashavu hakumkumbatia. Alimwambia ndizi zake zilikuwa hazina chumvi, akapanda basi.

Yule bwana alimkuta kisimani. "Jiko umeliona, mama?"

"Nimeliona. Pleti tatu kweli, na zote mawe." Akainua ndoo yake, akamwacha amesimama.

Haikuwa rahisi. Vijana wa mtaani walikuwa wameahidiwa kazi, wakamwona kizuizi. Usiku mmoja minazi yake ilikatwa. Wako waliosusa kuchota kwake, wakaenda kununua maji ya toroli, na waliokuwa wanamwita Bi Mashavu wakawa wanamwita yule bibi. Kuna siku alichoka, akatamani kuweka dole apumzike. Lakini kila alipotaka kulinyoosha, alimwona yule wa ziwani, amekaa wima, anapigiwa magoti peke yake. Akaazima simu ya jirani, akampigia.

"Umekubali?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Sijakubali. Wewe je?"

"Nikubali ili unicheke?"

"Ningekucheka sana, dada."

"Nilijua!" Akakata simu, akarudi kulala na nguvu mpya.

Wanawake wa pwani wakazizoea simu hizo. Mwanzo walicheka. Baadaye wakawa ndio wanaomkumbusha apige. Mama huyu akitaka kujua kama wa ziwani bado wanalima, yule anataka kujua kama kweli wanakula ndizi kila siku, na mwingine akauliza kama na wao waume zao wanawagombeza kwa ajili ya bomba. Watu ambao hawajawahi kuonana wakaanza kujuliana hali.

Siku moja simu haikupokelewa na Kokushubila. Ilipokelewa na shemeji yake. Alisema Kokushubila alilala juu ya kaburi mitambo ya bomba ilipokuja kuchimba kwa nguvu, polisi wakambeba wakamweka ndani. Wenzake wameogopa, wamerudi majumbani. Na mitambo ya pwani nayo iko njiani.

Wanawake waliokuwa pale walidhani Mashavu atalia. Akasimama, akakaza kanga.

"Hata kufungwa anitangulie yeye? Mke mdogo?" alisema. "Yeye zamu yake ameshaikaa. Hii ni yangu."

Akatoka akaenda kisimani, akakaa chini mbele ya kigingi cha bomba kilichokuwa kimepigwa na hapo, miguu ameinyoosha. Mama wa kwanza akamfuata kwa kumwonea huruma, wa pili kwa kuona aibu, na waliobaki kwa kuwa hakuna aliyetaka kuja kuambiwa kesho kwamba yeye hakuwepo. Hata waliosusa kisima walikuja. Mitambo ikafika, ikanguruma, ikazimwa. Habari zikaruka mpaka ziwani, na kule walioogopa wakasikia kwamba wanawake wasiowajua wamekaa juani kwa ajili ya mwenzao aliye ndani. Wakaona haya kubaki majumbani. Wakaenda wakakaa nje ya mahali alipofungiwa, wakakaa mpaka akatolewa.

Siku hiyo mitambo haikupita kwa huyu wala kwa yule.

Kokushubila alipotoka, simu ya kwanza ilitoka pwani. "Umekonda?" aliuliza Mashavu. Akaambiwa ndiyo, kidogo. "Mimi nimeungua jua," alisema, "usifikiri umeumia peke yako."

Hawakupendana wale, na hakuna aliyesema walipendana. Basi na wewe unayekosa usingizi kwa ajili ya mtu wa mbali, unamwonea wivu kwa alichopewa, au kwa alichokikataa?