Kilatini cha Kiboko

Kale hiyo, watoto, wanyama walipokuwa wakivaa viatu na kunywa chai kwa vikombe, Kiboko alirudi kutoka chuoni. Joho jeusi, refu, linafagia njia: fyaa, fyaa! Sogeeni basi, hadithi hii hakuna mwingine anayeijua vizuri hivi.

Pimbi akachungulia dirishani. Wivu ukamwasha kama pilipili jichoni. Yeye chuo kilimkataa mlangoni kwa udogo wa mwili, na kesho yule bonge angepewa kiti cha mshauri wa mfalme! Kiti hicho Pimbi alikiota hata mchana.

"Baba watoto, chai inapoa," mkewe akasema.

"Ipoe! Umeliona lile joho? Na kule alikuwa analala tu!"

Akachomoka mbio, akamkuta Kiboko njiani.

"Shikamoo, Bwana Msomi!"

"Marahaba, kidudu."

"Kesho mbele ya mfalme ghani lile shairi la Kilatini. Msomi kama wewe hukosi kulijua."

Kiboko hakujua hata neno moja la Kilatini. Lakini aseme hivyo, na joho kalivaa?

"Aa, hilo! Tulilisoma mwaka wa kwanza. Hebu nikumbushe kidogo."

Pimbi akamkumbusha, neno kwa neno.

Kesho yake uwanja ukafurika. Kiboko akapanda jukwaani, akatoa kifua, akanguruma:

"Chwaki putu, mbotu papi!
Hojo fure, liaki nasi!"

Nyati, mkuu wa chuo, akapiga makofi, pwa! pwa! "Kilatini safi kabisa!"

"Maana yake?" Simba akauliza.

"Ni... ni sifa zangu, mtukufu."

Watoto wa Nguchiro wakagaagaa chini kwa kicheko. "Kilatini wapi! Hicho ni kinyume, silabi ya mwisho inawekwa mbele! Anasema: Kichwa tupu, tumbo pipa! Joho refu, akili sina!"

Kwa-kwa-kwa! Uwanja mzima hoi. Simba akafuta machozi.

"Sifa zako tumezisikia, Kiboko. Nani kakutungia?"

"Mimi, mtukufu!" Pimbi akaruka.

"Kiti ni chako."

Kiboko akakimbilia mtoni, chubwi! Joho likabaki linaelea. Na Pimbi, pale pale kitini, alilikodolea macho, roho ikimwuma: kwa nini lile si lake?

Haya, wanangu: neno usilolielewa, uliza maana yake kabla hujalitangaza jukwaani.